Siku Niliyomwonjea Mzee Pombe

Binamu yangu alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeshavaa nguo za kazi na sina kazi ya kwenda. Nilikuwa nimejizoesha kuvaa hivyo kila siku tangu niachishwe. Navaa, nakaa, halafu saa zinapita.

Aliniuliza kama nina shughuli. Alijua sina, aliuliza kwa adabu tu.

"Nina wageni wawili hapa Lodwar," akasema. "Mzee na mkewe, watu wa Nakuru. Walikuja kuzunguka ziwa kwa boti, siku kadhaa, lakini upepo umekataa. Boti imefungwa ufukweni Kalokol, nahodha anasema labda kesho. Sasa mzee hataki kukaa hotelini. Anataka kuzungushwa."

"Kuzungushwa wapi?"

"Kwa wapika pombe."

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Si mlevi," akaongeza haraka. "Ni mzee wa heshima, mkewe ni mama wa kanisa kabisa. Anataka tu kuonja pombe za watu mbalimbali, kutoka hapa mpaka Kakuma. Wewe unajua lugha zao na nyumba zao. Mimi niendeshe, wewe uongee."

Nilisema sawa. Miezi ile nilikuwa nasema sawa kwa kila kitu. Mume wangu, ambaye analinda yadi ya wakandarasi kule Lokichar na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, aliponiambia kwenye simu kwamba hatakuja mwezi ule, nilisema sawa. Binti yetu aliponiambia amepata alama mbaya, nilisema sawa. Hata yeye alishangaa, akanitazama kama anayengoja niendelee.

Kwa miaka mingi nilikuwa mkalimani katika zahanati moja ya wakimbizi Kakuma. Nilikuwa nakaa katikati ya mgonjwa na daktari. Mgonjwa akisema kwa Kiturkana, kwa Kiswahili au kwa Kiarabu cha Juba, mimi namwambia daktari kwa Kiingereza, kisha narudisha jibu. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba mkalimani hasemi "mama huyu anasema ana maumivu." Anasema, "nina maumivu." Kwa hiyo mdomo wangu ulikuwa umeshabeba mimba za watu wengine, umefiwa na watoto ambao si wangu, umebakwa njiani, umeomba dawa ambazo hazikuwepo. Jioni nilikuwa napanda gari, narudi chumbani kwangu, napika ugali, nalala vizuri. Sikujua kama hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Msaada wa wafadhili ulipokatwa, tuliitwa mmoja mmoja ofisini. Mimi niliitwa nikiwa bado namkalimania mama mmoja aliyekuwa na kikohozi. Nikamwomba anisubiri, nikaenda, nikaambiwa, nikarudi, nikammalizia mama wa kikohozi. Wenzangu walilia nje chini ya mgunga. Mimi nilikusanya kikombe changu na sweta, nikapanda gari la kwenda Lodwar. Nilidhani kilio kitakuja baadaye. Hakikuja, wala kitu kingine hakikuja.

Wageni nilikutana nao mbele ya hoteli. Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia pana ya majani kichwani. Mkewe alikuwa mfupi, mnene, amejifunga leso juu ya rinda na kukumbatia chupa ya chai kama mtoto.

"Wewe ndiye mwalimu wetu wa leo," mzee akaniambia akinipa mkono.

"Mimi ni mkalimani tu, mzee."

"Hata hivyo. Nikueleze kwa nini nakusumbua. Kijana wetu anafanya kazi kwenye meli kubwa za watalii, huko ng'ambo. Anasema meli ikitia nanga mahali, wale wazee wa kizungu hushushwa, wakapandishwa mabasi, wakazungushwa kwenye mashamba ya zabibu siku nzima. Hapa wanaonja mvinyo, pale wanaonja, jioni wanarudishwa melini wakiimba. Yeye ndiye aliyetulipia hii safari ya ziwa. Sasa boti yetu imetia nanga. Nikasema, basi na mimi nishushwe."

Akacheka peke yake. Mkewe akatazama pembeni.

Nyumba ya kwanza ilikuwa hapo hapo Lodwar, karibu na mto Turkwel, kwa mama mmoja Mturkana ninayemfahamu tangu utotoni. Mke wa mzee alibaki garini na kujimiminia chai.

"Ejok?" nikasalimu mlangoni.

"Ejok-noi," mama akajibu, akamtazama mzee juu mpaka chini. "Huyu anataka ng'agwe? Asubuhi hii?"

Ng'agwe ndiyo pombe yetu ya nafaka. Alikuwa nayo pipani, imefunikwa kwa gunia. Mzee aliinama kando ya pipa lile kwa namna ambayo sikuwa nimeona mnywaji yeyote akifanya. Alifunua gunia kidogo, akatazama povu. Akachukua chembe za kimea, mtama ule uliooteshwa na kukaushwa, akazisugua katikati ya vidole. Kisha akaweka sikio juu ya pipa, akasikiliza inavyochemka yenyewe bila moto. Mama alicheka mpaka akashika mlango.

Alipochotewa kikombe, mzee hakunywa. Alininyooshea mimi.

"Onja wewe kwanza, mwenyeji."

Nikadhani anaogopa tumbo. Nikapiga funda.

"Ikoje?"

"Ni chachu."

"Chachu ya namna gani? Ya ndimu, au ya maziwa yaliyolala?"

Nikafikiri. "Chachu tu, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, akanywa, akamshukuru mama kwa heshima kubwa. Lakini niliona amevunjika moyo, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Tukashika njia ya Kakuma. Barabara siku hizi ni ya lami, gari linateleza tu, na pande zote ni mawe na miiba na mbuzi. Mzee alisinzia kiti cha mbele, kofia usoni. Mimi nilikaa nyuma na mkewe. Tulipokwenda kitambo akanisogelea.

"Mwanangu, usimchoke mzee na maswali yake," akasema kwa sauti ya chini. "Hasikii harufu. Wala ladha."

"Tangu lini?"

"Tangu augue ile homa ya kifua, iliyopita dunia nzima. Sisi sote tuliugua, sote tukapona. Yeye alipona kila kitu isipokuwa pua. Na huyu mtu kazi yake ilikuwa pua! Alikuwa mwonjaji kwenye kiwanda cha bia maisha yake yote. Wengine wanapanga mitambo, yeye anaitwa, ananusa glasi, anasema hii iende, hii imwagwe. Sasa anakula kama mtu anayejaza gunia."

"Pole sana, mama."

"Daktari alisema itarudi. Imekataa. Yeye anaamini kama mtu atamweleza vizuri, akili itakumbuka. Nyumbani amewachosha majirani wote. Ndiyo anakuuliza wewe."

"Mbona asikuulize wewe?"

Alinitazama kana kwamba nimemtusi. "Mimi? Pombe haijawahi kupita kinywani mwangu. Siku ya posa nilimwambia mbele ya wazee, mshahara ulete ndani, harufu uiache getini. Na aliheshimu. Miaka yote, akitoka kazini anaoga bafu la nje kwanza, anabadilisha shati, ndipo anaingia. Watoto wetu walikua hawajui baba yao anafanya kazi gani."

Nilisikia habari ile yote na kuielewa. Nikajua kwamba ni habari ya kusikitisha, kwa namna ile unavyojua kwamba maji haya ni ya moto kwa kuona mvuke. Nikasema pole mara ya pili.

Kambini kwenyewe wageni huingia kwa kibali, na sisi hatukuwa nacho, kwa hiyo tuliishia upande wa mji wa Kakuma, ambako wakimbizi wengi wamepanga vibanda vya biashara. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama kutoka Sudan Kusini. Anapika merisa. Yeye huukaanga unga wa mtama uliochachushwa juu ya bati mpaka uwe mweusi kama kahawa, ndipo anaurudisha majini. Ukutani alikuwa ametundika msalaba wa mbao na kalenda ya kanisa iliyokwisha muda.

Jua lilikuwa limepanda na gari limekuwa tanuri, kwa hiyo safari hii mke wa mzee aliingia nasi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbali na mapipa. Ili kuanzisha mazungumzo, akamuuliza mwenyeji alifikaje huku. Mwenyeji akaanza kueleza kwa Kiarabu cha Juba, naye akazoea mara moja kwamba mimi nitafuata nyuma yake. Nami nikafuata. Sikupanga, mdomo ulianza wenyewe.

"Nilivuka mpaka pale Nadapal nikiwa na mimba," nikasema. "Mume wangu alibaki nyuma kutafuta ng'ombe wetu waliochukuliwa. Alisema atanifuata baada ya mvua. Mtoto nilimzaa hapa. Sasa ananizidi urefu. Baba yake sijamwona tena. Sijui kama ni mjane au ni mke wa mtu."

Nilihisi kitu cha joto mkononi. Mama wa Nakuru alikuwa ameinuka, amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, na machozi yanamtoka.

"Pole, mwanangu," akaniambia. "Pole sana. Mungu anamwona."

"Si mimi, mama," nikasema. "Ni yeye."

Alimtazama mwenyeji, akanitazama mimi, akachanganyikiwa. Kisha akaniachia taratibu, akaenda akamshika mwenyeji. Mama wa Sudan Kusini akaupokea mkono, akampigapiga mgongoni kana kwamba mfiwa ni yule mgeni. Mimi nilibaki nimesimama pale na mkono wangu umening'inia. Nakumbuka nilikuwa naangalia kalenda na kujaribu kusoma mwezi.

Mzee alikuja na kikombe. "Haya, mwalimu."

Nikanywa. "Kuna moshi," nikasema.

"Vizuri! Moshi wa kuni, au wa kitu kilichoungua? Mkate ulioungua?"

"Sijui, mzee."

"Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Kweli nilijitahidi, kwa sababu sasa nilijua. Niliifanya ikae ulimini, nikafumba macho. Kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, basi. Nikamwambia ni mkate ulioungua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeutaja. Akatabasamu kwa upole, akajua.

Nyumba ya tatu ilikuwa mwendo wa miguu kutoka pale, kwa mama Mrundi aliyekulia Uvira, upande wa Kongo. Nilipoingia uani kwake akaacha kufagia.

"Eh! Mimi najua huyu mama," akamwambia binamu yangu. "Njo alikuwaka anasema maneno yangu kwa daktari."

Nami nilimjua. Nilikuwa nimemkalimania siku mtoto wake alipofia zahanati. Daktari alisema, nikasema. Yeye akasema, nikasema. Sikutarajia kumkuta akifagia, amevaa kitenge kipya, akiwa na afya.

Pombe yake, impeke, ni ya mtama pia, lakini hainywewi kwa kikombe. Inawekwa ndani ya chungu katikati ya watu, kila mmoja na mrija wake mrefu. Alitupangia vigoda kivulini, akaleta mirija mitatu. Mama wa Nakuru aliweka kigoda chake nyuma kidogo, chupa ya chai mapajani.

Mzee akanywa, akaacha mrija, akanigeukia. Alikuwa amechoka, jasho limeshuka mpaka kidevuni, na kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee hasa. Nikavuta mrija. Ubaridi ukapita kooni. Nikavuta tena.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Siwezi kukueleza. Sisikii kitu."

"Na wewe uliugua?"

"Hapana. Pua yangu ni nzima."

Binamu yangu akatazama chini. Mwenye nyumba akatazama mpini wa fagio lake. Mzee akasema tu, "Aa," kama mtu aliyetajiwa mahali anapopajua.

Ndipo mama wa Nakuru alipoweka chupa yake ya chai chini, akavuta kigoda mpaka kwenye chungu.

"Nipe huo mrija," akasema.

"Wewe?" mzee akauliza.

"Nipe kabla sijabadilisha mawazo."

Akafuta ncha kwa pembe ya leso, akafumba macho kana kwamba anaomba, pengine aliomba kweli, akavuta. Uso mzima ukajikunja. Akakohoa. Mwenye nyumba akapiga makofi.

"Ee Bwana," mama akasema. "Hiki kitu ni kibaya."

"Kibaya vipi?" Mzee alikuwa ameinama mbele, magoti yanagusana na ya mkewe.

"Kibaya… ngoja." Akavuta tena, kidogo. "Unaukumbuka uji wa mama yako? Ule wa kuchachusha, aliokuwa anauweka nyuma ya mlango, nikasema mtoto wangu hatakunywa?"

"Naukumbuka."

"Ni ule. Lakini ule ulikuwa mwembamba. Huu umevaa koti."

"Mwishoni? Ukishameza?"

"Mwishoni kuna utamu. Kama kutafuna bua. Haukai, unakimbia."

"Unakimbilia wapi, pembeni mwa ulimi au nyuma?"

"Pembeni. Na kuna unga, unga mbichi, kama mikono yangu nikikanda chapati."

Mzee alinyoosha mgongo. "Haijaiva," akasema. "Utamu bado haujaliwa wote. Ilitakiwa ilale usiku mmoja zaidi."

Nikamfasiria mwenye nyumba, ingawa hakuhitaji. Alikuwa amesikia, ameshika mdomo.

"Ni kweli!" akasema. "Nilifungua leo juu ya wageni. Ilikuwa ya kesho!"

Walicheka wote watatu kwa muda mrefu. Mama wa Nakuru alicheka mpaka akaangusha mrija.

"Umeisikia?" akamuuliza mumewe, akijifuta macho. "Imerudi?"

"Hapana," mzee akasema. "Lakini nimeijua."

Akamshika mkewe goti, akauacha mkono pale pale. Wakaendelea. Mama alivuta kidogo kidogo, akieleza, naye mzee akiuliza na kusahihisha. Hawakunihitaji tena. Nilihamia upande wa jikoni, ambako mwenye nyumba alikuwa anachochea moto wa chakula.

"Na wewe, mama, uko namna gani?" akaniuliza.

"Nipo tu. Kazi iliisha."

"Nilisikia." Akasukuma kuni ndani. "Ile siku ya mtoto yangu, ulisema maneno yote bila kulia. Yangu na ya daktari. Watu walisema, huyu mama ana roho ya jiwe. Mimi nikasema hapana. Kama ungelia, mimi ningeshindwa kumaliza. Sikukuambiaka asante."

Nilisema, "Asante," nikajirekebisha, "karibu," na yote mawili hayakuwa jibu. Hakujali. Akanipa sufuria nimshikilie huku akimwaga mchele. Nikaishikilia. Mpini ulikuwa wa moto, nikaushikilia hivyo hivyo mpaka akamaliza.

Wakati wa kurudi, mzee alikaa nyuma na mkewe, mimi nikakaa mbele na binamu. Hawakunyamaza njia nzima. Mzee alimuuliza harufu ya mvua pale kwao, harufu ya shati lake la kazini, lile alilolivua nje kwa miaka yote. Mama akakiri kwamba alikuwa analinusa kabla ya kulifua.

"Lilikuwa linanuka nini?"

"Mkate," akasema. "Mkate na sabuni. Sikuwahi kuona ubaya wake. Nilishaweka sheria, basi."

Tukawashusha hotelini jua likielekea kuzama. Mama alinishukuru, na safari hii alinishika mkono mimi kama mimi. Kesho yake upepo ulitulia na boti ikatoka. Binamu alinieleza hivyo; sijawaona tena, wala sijui kama pua ya mzee ilirudi.

Yangu haikurudi siku ile, wala wiki ile. Ningependa kusema kwamba nilifika nyumbani nikalia, lakini nilifika nikaosha miguu, nikampikia binti yangu maharagwe. Aliniuliza siku ilikuwaje. Nikamweleza habari ya mama aliyekunywa pombe kwa ajili ya mumewe, akacheka mahali panapochekesha, akasikitika mahali pa kusikitisha, nami nilimtazama akifanya hivyo.

Baadaye nilipata vibarua vya ukalimani mahakamani hapo Lodwar, siku za kesi za mifugo hasa. Miezi ikapita. Asubuhi moja sokoni, mwanamke mmoja aliniuzia samaki wa ziwani, na wa chini, aliokuwa amewaficha kwa wale wazuri wa juu, walikuwa wameharibika. Niliwasikia wakinuka kabla hajafunga karatasi. Nikamwambia. Akakana. Na hapo nikasikia mtu akipiga kelele, sauti kali ya kike inayotetemeka, ikimwambia mwenzake kwamba ana mtoto nyumbani, kwamba hawezi kufanywa mjinga, kwamba amechoka, amechoka, amechoka. Watu waligeuka. Mwenye samaki akaanza kuwabadilisha mmoja mmoja, ameogopa.

Sauti ile ilikuwa yangu. Nikachukua samaki wangu, nikaenda zangu nyumbani kwa miguu, njia nzima nikiendelea kumgombeza kimoyomoyo.